Msimfunge kinyonga uzi

Bwana Mhariri,

Foto ya kinyonga mliyoichapa wiki iliyopita imeniumiza. Itazameni tena: mguu wa nyuma una uzi, umefungwa kwenye tawi. Na pamoja na uzi huo, jicho kwenye foto halionekani vizuri, lina ukungu, mgongo umeungua mweupe kwa flashi.

Mimi ni mama mpiga foto hapa Bukavu. Riziki yangu ni foto za pasipoti na harusi, lakini Jumapili huwa niko Muhumba, kwenye majani, na panzi, vyura na vinyonga. Vijana huniuliza namshikaje mnyama atulie. Simshiki. Kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi, na saa 12 asubuhi, umande haujakauka, bado yupo palepale. Wanyama hawa hupata joto la mwili kutoka nje. Kukiwa na baridi wanakuwa wazito, unawasogelea bila shida. Wapo wanaomtia chura kwenye frigo ili alegee. Ukatili wa bure, wakati alfajiri inatosha.

Ukungu wa jicho hauponi kwa uzi. Ukimkaribia mnyama hadi picha yake ndani ya kamera ilingane na ukubwa wake, sehemu inayotoka kali ni kama milimita 1 tu. Ukipumua, jicho limepotea. Kwa hiyo pete ya fokasi, ile ya lenzi inayozungushwa kutafuta ukali, siigusi: naegemeza kiwiko gotini, nasogeza mwili mbele na nyuma, polepole, na jicho likitulia nabonyeza. Tundu la lenzi naliweka f/11. Wanaolibana hadi f/32 (namba ikikua, tundu hupungua) wakitafuta ukali zaidi huharibu, maana mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo na foto nzima inalegea.

Flashi ni lazima, lakini ipitie karatasi nyeupe, tena iwe karibu kabisa na mnyama. Mgongo huungua kwa sababu nyuma ya kinyonga kuna giza, kamera inadhani pote ni giza na kuongeza mwanga. Upunguze, tazama mgongo kwenye kioo cha kamera, piga tena.

Vidole vya kinyonga vimegawanyika mafungu mawili, hushika tawi kama koleo. Uzi ukikaza hapo unakata. Naomba foto ya namna hiyo msiichape tena, hata ikiwa kali.

Kijana aliyeipiga, kama unasoma hapa mwanangu, njoo studio Jumamosi jioni. Nina lenzi ya zamani ya milimita 50 na pete ya kuifunga kinyume kwenye kamera, ili ikuze vitu vidogo. Nitakuazima, na Jumapili alfajiri tutakwenda wote.

Mama mpiga foto,
Nguba, Bukavu