Sukari na matembezi ya Mama Ngina

Nairobi

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetukalia na watoto wana mafua. Nimefurahi kusikia madera yako yote umeyapeleka kwa fundi yakapunguzwe. Lakini pale uliposema uliketi kwenye ukuta wa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, kijasho chembamba kinakutoka, mikono inatetemeka na maneno hayaji, shemeji akadhani ni jua, hapo nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Hilo si jua. Ni sukari ya damu iliyoshuka. Sisi tuliofanyiwa baipasi ya tumbo, ule upasuaji wa kupunguza tumbo, hutupata hasa baada ya mwaka kupita, wakati mtu ameshajiona amepona. Mimi nami ilinianza hivyo hivyo.

Najua utaniuliza: itashukaje, na nilitoka nyumbani nimekula mahamri na mbaazi na chai ya maziwa? Shoga, ndiyo maana ikashuka. Zamani tumbo lilikishika chakula na kukiachia kidogo kidogo. Sasa umebakishiwa kifuko tu, kimeungwa na utumbo mwembamba, hakuna wa kuzuia. Unga mweupe na sukari ya chai vinamwagika utumboni kwa mkupuo, sukari ya damu inapaa, utumbo unatoa kwa wingi homoni iitwayo GLP-1, na kongosho linaitikia kwa kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, kupita kiasi. Mahamri yamekwisha, insulini ingalipo. Baina ya saa moja na tatu baada ya kula, sukari inaporomoka. Nawe saa hiyo hiyo unatembea, na misuli ikifanya kazi huvuta sukari hata bila kuingoja insulini. Wawili wanachota mtungi mmoja.

Ile hali ya tumbo kukoroga, moyo kwenda mbio na kuharisha ndani ya nusu saa ya kula ni nyingine. Hiyo ni chakula kushuka haraka, wala haihitaji matembezi.

Kwa hiyo huyo kocha wa jimu anayekwambia unywe soda na ule tende kabla ya mazoezi ili upate nguvu, ushauri wake uwafae wengine. Na dafu la pale ufukweni lisiwe la kujitayarishia safari. Mimi hutembea msitu wa Karura asubuhi kabla sijala, kwa kuwa nimejipima na saa hizo sukari yangu imetulia; yako huenda ikawa tofauti. Nikitoka jioni, natanguliza yai au samaki na pojo kidogo. Mtaalamu wangu wa lishe amenipa kikomo cha gramu 30 za wanga kwa mlo, na hamri moja kubwa hukaribia hapo peke yake. Maji nayatenga na chakula kwa nusu saa.

Ikishuka, hapo sasa sukari ndiyo dawa. Simama, keti, jipime. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa kama gramu 15 za glukosi, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, jipime tena. Ikipanda, tafuna njugu au yai, la sivyo itapanda na kushuka upya. Hofu isikufanye umalize chupa nzima ya soda. Gari aendeshe shemeji. Na siku ukizimia, asikutie kitu mdomoni, akukimbize hospitali. Ukitembea sana jioni, jipime pia kabla ya kulala, maana misuli huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi.

Daktari aliyekupasua mwone wiki hii, hasa kama umewahi kushuka chini ya 3.0. Kliniki moja iliniambia mimi nina wasiwasi tu, eti HbA1c yangu ni nzuri. Kipimo hicho ni wastani wa sukari ya damu wa miezi kama mitatu, mtu akipaa na kuporomoka kila siku hakimwonyeshi. Wakitaka kukunywesha glukosi ya kupimia, wakumbushe kwanza kwamba una baipasi, maana hiyo yenyewe yaweza kukuangusha. Chakula kikishindwa, kuna dawa iitwayo akabosi (acarbose), inachelewesha wanga kusagika.

Matembezi usiyaache, ndiyo yanayotulindia mwili huu. Badilisha saa tu. Nunua kipimo cha kidole, tafuta daftari, uandike ulichokula na saa ngapi, ulitoka saa ngapi, na namba ya kila kipimo. Ukurasa ukijaa upige picha unitumie, tuusome pamoja kabla hujaenda kwa daktari.

Mama mkubwa nisalimie sana, mwambie dawa yake ya macho nimeshaipata, nitaituma kwa basi.

Shoga yako,
Maimuna