Tairi la Coaster lisinunuliwe kwa kutazama kashata tu

Mhariri,

Matairi ya mitumba yenye kashata nene, yaani ule mpira wenye mikato unaogusa barabara, yamejaa sokoni, na wamiliki wa mabasi madogo ya Coaster wanayagombea. Kashata nene kwenye tairi lililokwisha kutumika ndiyo ingepaswa kumtia mnunuzi shaka: mara nyingi tairi hilo lilivuliwa huko lilikotoka kwa uzee, si kwa kuisha. Mpira uliozeeka hukauka, hufanya nyufa ndogo ubavuni na kati ya kashata, na waya za ndani huanza kuachana nao. Gari likijaza abiria na jua likiwaka, kashata nzima hubanduka.

Umri wenyewe umeandikwa. Tafuta herufi DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Aghalabu huwa upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Zikiwa zimekwanguliwa, ondoka. Watengenezaji wengi wanataka tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5, na likifika 10 liondolewe hata kama halijawahi kugusa lami. Spea inayoning'inia chini ya gari nayo imo kwenye hesabu.

Halafu uzito. Tairi la saizi ya 7.00R16 la plai 12 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi) lenye alama ya uzito 117/116 hubeba kilo 1,285 likiwa peke yake, na 1,250 likifungwa pacha, yaani mawili bega kwa bega upande mmoja. La plai 8 lenye saizi ileile ni rahisi kwa bei na linakaa kwenye ringi bila tatizo, ila halikuundwa kwa basi ambalo abiria wamesimama mpaka mlangoni.

Pacha za nyuma ndizo zinazomaliza pesa za tajiri. Likipasuka moja, linafungwa jipya ubavuni mwa lililolika. Jipya, lenye kipenyo kikubwa, linabeba mzigo wa yote mawili na kupata moto. Lililolika, ambalo ni dogo, linaburuzwa na kuliwa kashata. Kwa saizi hii vipenyo visipishane zaidi ya milimita 6. Jaza upepo sawa, zungusha futi kamba katikati ya kashata: tofauti ikizidi milimita 19, hayo hayafai kukaa pamoja. Nunua mawili ya chapa moja, na lile zima lililobaki lifanye spea. Mpira wa ndani na flapu, ule ukanda unaoukinga na ringi, viwe vipya pia. Flapu kuukuu iliyojikunja hutoboa mpira.

Kuhusu upepo, konda anayegonga tairi kwa spana hapimi kitu. Pacha ya ndani inaweza kuwa tupu kabisa huku ya nje ikiishikilia. Tumia geji asubuhi kabla gari halijatembea, na valvu ya ndani iwekewe mrija wa kuirefusha, la sivyo hakuna atakayeifikia. Tairi lililokimbizwa likiwa na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake lisijazwe palepale. Livuliwe, likaguliwe ndani: waya za ubavuni zikiwa zimekatika, litapasuka usoni mwa fundi wakati wa kujazwa. Ndiyo maana gereji inayofunga matairi haya bila kizimba cha chuma cha kujazia upepo haifai kufunguliwa.

Tunaomba wauzaji walazimishwe kuandika zile tarakimu nne kwenye risiti, na wakaguzi wa magari wazisome. Kwa sasa kinachotafutwa ni kipara peke yake.

Mafundi matairi,
Dar es Salaam