Barua ya Malalamiko kwa Kampuni ya Bima: Kukataliwa kwa Dai la Taji la Jino

Meneja wa Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima ya Afya.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KUKATAA DAI LA TAJI LA GEGO LILILOTIBIWA MIZIZI

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu pamoja na barua yenu ya kunijulisha kwamba dai langu limekataliwa.

Nimeisoma barua hiyo kwa makini nikitafuta sababu ya kitabibu, nikakuta sentensi moja tu, kwamba taji la jino, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa jino zima, ni huduma ya urembo na kwamba jino husika linaweza kuzibwa kwa njia ya kawaida. Haikutaja taaluma ya aliyefikia uamuzi huo, haikugusa picha za eksirei nilizoambatisha, wala haikujibu hata hoja moja kati ya zile zilizotolewa na daktari wa meno anayenitibu. Naandika kupinga uamuzi wenyewe na pia utaratibu uliotumika kuufikia.

Jino linalozungumziwa ni gego la kwanza la chini, upande wa kulia. Lilianza kuoza ubavuni, pale linapogusana na jino la jirani, mahali ambapo mswaki haufiki. Uozo wa namna hiyo hujificha. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, asidi huyeyusha kidogo kidogo madini ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na uozo ukishapenya hadi kwenye dentini, tabaka la chini yake ambalo ni laini zaidi, husambaa kwa ndani huku juu pakionekana kitundu kidogo tu au pasionekane kitu kabisa. Ndiyo maana hadi maumivu yanaanza, uozo ulikuwa umekwisha kufika kwenye kiini cha jino, yaani sehemu yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hapo palibaki njia mbili, kung'oa jino au kutibu mizizi yake, yaani kukitoa kiini hicho, kuisafisha mizizi kwa ndani na kuiziba. Ninyi wenyewe mliidhinisha tiba ya mizizi na mkailipia bila usumbufu, jambo ambalo nawashukuru.

Ninacholalamikia ni kwamba mmelipia nusu ya kwanza ya matibabu na kuikana nusu ya pili. Ili kuifikia mizizi, daktari hulazimika kutoboa jino kutokea juu, na kabla ya hapo huwa ameshaondoa sehemu yote iliyooza. Katika jino langu vyote viwili vilifanyika, na kilichobaki ni kuta. Daktari alinishikia kioo nikajionea mwenyewe: ukuta wa upande wa ulimi ulikuwa mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa taa, na kwenye ukuta wa upande wa shavu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulioishia juu kidogo ya ufizi. Picha ya ufa huo imo katika viambatisho nilivyowatumia tangu mwanzo.

Barua yenu inapendekeza jino hilo lizibwe kama kawaida. Sipingi kuziba meno. Nina meno mengine yaliyozibwa kwa kompozeti, yaani kijazio chenye rangi ya jino, yanatafuna vizuri, na sijawahi kuombea taji hata moja kati ya hayo, kwa sababu matundu yake yalikuwa madogo na kuta zake zilibaki nene. Lakini kijazio hukaa ndani ya jino na hutegemea kuta zilizokizunguka. Kuta zikiwa zimebaki nyembamba, kila ninapouma chakula nguvu huzisukuma zitengane, na pale penye ufa ndipo zitakapoachana. Taji hufanya kinyume chake, kwani hulifunika jino lote kwa juu na kulizingira hadi karibu na ufizi, likazishika kuta pamoja na kuielekeza nguvu ya kutafuna kwenye mizizi. Magego ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa wa kusaga chakula, kwa hiyo madaktari hupendekeza taji kwa gego lililotibiwa mizizi na kupoteza sehemu kubwa namna hii, ilhali jino la mbele lililotibiwa vivyo hivyo mara nyingi huweza kuachwa na kijazio pekee. Kama ningeombea taji jino la mbele lenye tundu dogo, maswali yenu yangekuwa na msingi.

Kuhusu urembo, naomba fomu ya dai isomwe upya. Taji lililopendekezwa ni la metali tupu. Daktari alilichagua kwa sababu metali huwa na nguvu hata ikiwa nyembamba, hivyo jino halihitaji kuchongwa sana kama ambavyo lingechongwa kwa taji la kaure, na jino langu halina tena cha kuchongwa. Mtu anayetafuta urembo hachagui kuweka metali inayong'aa mdomoni mwake, tena kwenye gego ambalo halionekani vizuri hata akicheka. Aina ya taji imeandikwa waziwazi kwenye fomu, na kwa sababu hiyo nashindwa kuamini kwamba aliyekataa dai aliisoma hadi mwisho.

Naomba pia mzingatie ushahidi uliotokana na kumbukumbu za bima ya meno. Mwaka 2004, watafiti Salehrabi na Rotstein walichapisha matokeo ya uchunguzi wa meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi nchini Marekani chini ya bima ya meno. Asilimia 97 ya meno hayo yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka 8. Walipochunguza yaliyong'olewa, walikuta kwamba asilimia 85 hayakuwa yamefunikwa kwa taji. Natambua kwamba takwimu za namna hiyo hazithibitishi peke yake kuwa kukosa taji ndiko kulikosababisha kila jino kung'olewa, kwa kuwa huenda mengine yalikuwa na hali mbaya tangu awali. Hata hivyo, kampuni inayoliita taji urembo inawajibika kueleza kwa nini inaupuuza uwiano mkubwa kiasi hicho.

Kwa upande wa gharama, uamuzi wenu hauwanufaishi hata ninyi. Ufa ukishuka hadi kwenye mzizi, jino halitibiki tena na litang'olewa, na fedha mliyotumia kwa tiba ya mizizi itakuwa imepotea. Kung'oa jino na kuweka jino bandia vyote vimo katika jedwali la mafao yenu, kwa hiyo kinachokataliwa leo kwa jina la urembo kitarudi mezani kwenu kama matibabu.

Jambo hili lina haraka. Jino limefungwa kwa kijazio cha muda, ambacho hulika na kuanza kuvuja kikikaa kupita muda wake. Kikivuja, mate yenye bakteria hupenya hadi kwenye mizizi iliyokwisha kusafishwa, na huenda tiba yote ikalazimika kurudiwa.

Kwa sababu hizo, naomba dai langu lipitiwe upya na daktari wa meno aliyesajiliwa, ambaye hakushiriki katika uamuzi wa kwanza, na aangalie picha za eksirei pamoja na picha ya ufa kabla ya kutoa maoni yake. Iwapo ataona taji halihitajiki, naomba aandike sababu zake za kitabibu na ataje kifungu cha mkataba anachokitegemea, kwa kuwa katika nakala ya mkataba niliyo nayo kifungu cha urembo kinataja kung'arisha meno na kubadilisha umbo la meno yasiyo na ugonjwa, wala hakitaji taji. Naomba vilevile mnieleze iwapo wanachama wengine waliolipiwa tiba ya mizizi ya magego hukataliwa mataji kwa sentensi hiyohiyo, maana barua niliyopokea inaelekea kuwa ya kunakili: sehemu ya namba ya jino imeachwa wazi.

Naomba nipate majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipoyapata, nitawasilisha malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Wenu katika mkataba,

Mwanachama
(Jina, sahihi na namba ya uanachama vimo katika fomu iliyoambatishwa)

Viambatisho: nakala ya barua ya kukataliwa, maelezo ya daktari wa meno, picha za eksirei za kabla na baada ya tiba ya mizizi, picha ya ufa, na nakala ya kifungu cha urembo katika mkataba.