Ahsante, nahodha wa gati ya Lamu

Sisi walimu wa kambi ya Gredi ya 4 na ya 5 tunamshukuru nahodha aliyetupangia upya safari ya Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, akaondoka bila kutaja jina.

Ratiba ilisema saa tatu asubuhi, siku zote tatu. Kumbe mkono wa bahari unaoingia Takwa katikati ya mikoko hupitika maji yakijaa tu. Yakipwa, mashua hukwama topeni na watoto huungua jua. Na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya Jumatatu haifai Jumatano. Fika kabla maji hayajajaa kabisa, ondoka mapema yakianza kupwa.

Jaketi za kuokoa maisha alizigawa kwa uzito wa mtoto, si umri. Fungeni mikanda yote, kisha vuteni jaketi juu kwa mabega: likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Mkanda wa mapajani ndio walimu husahau, na bila huo mtoto mwembamba huchomoka.

Maji ya kunywa bebeni. Huko hakuna duka.

Mzee wetu, jaketi mbili ulizotuazima ziko ofisini, pamoja na halua yako.