Jimbo la Ng'ambo mwaka 1957: mmekosea, na mjukuu wangu ndiye aliyeadhibiwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma kwa miaka mingi bila ya kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala mliyoitoa wiki iliyopita juu ya majimbo ya zamani ya uchaguzi imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ameeleza kuwa mwaka 1957, katika Jimbo la Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, wanaume kwa wanawake walipanga foleni tangu alfajiri, na kwamba chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilitoka na viti 10. Yote mawili si kweli.

Uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria, vinne Unguja na viwili Pemba. Waliopiga kura ni wanaume peke yao, tena waliotimiza masharti ya umri na ya kusoma au mali. Hapo Ng'ambo ndipo Abeid Amani Karume alipomwangusha Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, yaani chama cha ZNP. Viti 10 ni habari ya Januari 1961, majimbo yalipokuwa yameshafika 22, na wanawake nao wamesharuhusiwa.

Marehemu mama yangu alikuwa akitusimulia kuwa siku ile ya 1957 alimpigia baba kanzu pasi ya makaa, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi kwenye kinu chake. Kura yake ya kwanza aliipiga 1961, na buibui alilolivaa siku hiyo hakukubali kulitoa mpaka lilipotoboka mabegani. Hadithi hii ndiyo niliyompa mjukuu wangu alipotakiwa skuli aandike juu ya jimbo la zamani la mtaani kwao. Mwalimu wake, akiwa na makala yenu mkononi, akamkosoa kwa wino mwekundu na kumnyima alama mbili. Mtoto akanirudia na daftari, akaniuliza kwa adabu: "Babu, kwani wewe ulipiga kura?" Nikamjibu kuwa nilikuwa mdogo. "Basi gazeti limechapwa, babu." Nimeishi Miembeni maisha yangu yote, na sijapata kufanywa muongo ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya chai yangu, na karatasi ambayo kesho yake ilifungiwa mbatata za urojo!

Wala haya si mazungumzo ya wazee kupitishia muda barazani. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Pande mbili, ASP na Hizbu, kila mmoja na washirika wake, zikafungana 11 kwa 11, ikabidi lichongwe jimbo la 23 na uchaguzi urudiwe Juni, na fujo za uchaguzi huo zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31, na serikali wakaunda Hizbu na washirika wao. Mpaka wa jimbo umepita wapi lilikuwa suala zito kuliko idadi ya wapiga kura. Anayezichanganya chaguzi hizo hawezi kumweleza mtoto kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda hadi Mapinduzi ya Januari 1964.

Leo jina la Ng'ambo halimo katika karatasi yoyote ya kura. Tunasikia Kwahani, Jang'ombe, Kikwajuni, na hata Mji Mkongwe jimbo lake siku hizi huitwa Malindi. Mimi sijahama chumba, lakini nilipokwenda kuhakiki jina langu katika daftari la wapiga kura niliambiwa kituo changu si hicho, nikaenda cha pili nikaambiwa nilete barua ya sheha, na sheha alikuwa mazikoni. Wanaochora mipaka hiyo wangetubandikia japo karatasi ukutani.

Kwa upande wako, Mhariri, nashauri kila makala ya uchaguzi wa kabla ya 1964 isomwe kwanza kwa sauti katika baraza moja ya Ng'ambo, baada ya sala ya alasiri, kahawa na kashata kwa gharama ya gazeti. Masahihisho ya hii yatoke ukurasa ule ule na kwa herufi zile zile, si chini ya matangazo ya zabuni. Nitayakata kwa mkasi nimpelekee mwalimu mwenyewe pamoja na daftari, na zile alama mbili nitazisubiri hapo hapo mlangoni kwake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Miembeni, Unguja