Jiko Likiacha Kutoa Moshi, Ndipo Uliogope

Kila ikifika Juni, baridi ya Njombe ikianza kung'ata, maswali ya dukani kwetu hubadilika. Miezi mingine mteja anauliza jiko lipi linakula mkaa kidogo. Juni na Julai anauliza lipi linafaa kukaa chumbani usiku. Hakuna. Hata lile la bei ya juu kuliko yote tunayouza halifai, liwe la mkaa wa kawaida au la mkaa mbadala wa makaa ya mawe.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuogopa moshi. Jiko linawashwa nje, linapepewa, moshi ukikata na makaa yakiiva mekundu linaingizwa ndani, eti limeshatulia. Makaa hayo mekundu ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, isiyowasha hata macho. Ukiivuta inashika kwenye damu mahali pa oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inaisha nguvu. Mtu anadhani ni malaria, anajilaza. Aliyekwisha kulala huenda asiamke.

Tumesikia kinga za kila aina. Sufuria ya maji kando ya jiko haisaidii, hewa hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Kufukia makaa kwa majivu ili yafike asubuhi kunazidisha hatari, kwa sababu moto uliobanwa pumzi ndio unaotoa hewa hiyo kwa wingi. Na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kulalia. Oteni moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtu hajapanda kitandani. Mkimkuta mtu amelegea chumbani, fungueni milango, mtoeni nje haraka, apelekwe hospitali hata kama amezinduka.

Sasa kuwasha. Malalamiko ya "jiko lenu haliwaki" mara nyingi yanaishia kwenye majivu ya jana. Kung'uta chini ya chujio, fungua kimlango cha hewa chote, halafu panga magunzi makavu au vijiti vya msindano, mkaa mdogo mdogo juu yake. Mkaa mbadala ni mzito kushika, kwa hiyo uanzishe kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida na uuache nje mpaka moshi wake wa mwanzo, wenye harufu kali, uishe. Mifuko ya plastiki isiwe kiwashio. Petroli usiiguse kabisa. Mafuta ya taa hayamiminwi kwenye jiko lenye kaa hata moja, maana mvuke wake unalipuka usoni kwako. Moto ukishakolea, rudisha kimlango nusu; hapo ndipo unapookoa mkaa.

Ukimaliza kupika, makaa yaliyobaki yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho yanawaka upesi. Majivu nayo yalale kwenye bati hadi kesho yake, kwani kaa dogo hujificha humo saa nyingi, na ndoo ya plastiki haina ubavu nalo.

Jiko jipya la udongo lianze na moto mdogo siku ya kwanza, unyevu utoke polepole. Usilizime kwa maji, udongo wa moto hupasuka. Ukipasuka, usitupe jiko zima. Lete dukani likiwa limepoa na halina majivu, tutapima bati lake na kukuwekea udongo mwingine. Bati likiwa limeoza tutakwambia, usipoteze hela yako.