Mkanda ulioshuka kwa mwavuli

Hamisi ndugu yangu,

Habari za Dar, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku Mwanza tupo, tunadunda. Nilitaka nikupigie ila stori yenyewe ndefu, vocha ingekata kabla sijafika katikati, bora niandike.

Unaukumbuka ule mkanda wa picha za harusi ya binti wa mwalimu, enzi za studio ya Geita, tuliompa kondakta aupeleke Mwanza ukasafishwe? Kaupokea kwa mkono wake, mimi nimesimama palepale namwona anauchomeka kwenye dashibodi, basi likaenda kuvuka na feri Busisi na ndo ikawa basi tena. Pozi 36. Baba wa bibi harusi akawa anakuja kila asubuhi wiki mbili nzima, na wewe ukimwona tu unatokea mlango wa nyuma unaniachia msala. Sasa kumbe Wamarekani nao yaliwakuta hayohayo, tena wa kwao mkanda ulikuwa unatoka angani.

Sikutanii. Miaka ya 60 satelaiti za kijasusi zilikuwa hazitumi picha kama simu, zilibeba kamera ya mkanda kabisa, mkanda wa Kodak, inapita juu ya Urusi inapiga inapiga, mkanda uliopigwa unajizungusha ndani ya chombo flani ambacho wenyewe walikiita ndoo, kisha ndoo inaachiwa, inashuka huku ganda la nje linaungua, mwavuli unafunguka, na ndege inakuja kuidaka hewani kabla haijagusa bahari. Kuidaka bwana! Ndege inaburuta nyuma kamba zenye kulabu, rubani anapita juu kidogo ya mwavuli mpaka kulabu inase.

Mradi uliitwa Corona (jina lenye kisirani tangu zamani), wa CIA na jeshi la anga, rais wao Eisenhower aliuruhusu 1958. Hadharani waliuita Discoverer wakasema ni mambo ya sayansi tu, na ili watu waamini, ya tatu wakaipakia panya wanne, maskini wakaishia baharini. Haraka ya kupata picha hizo ikazidi baada ya ndege yao ya kijasusi ya U-2 kutunguliwa ndani ya Urusi tarehe 1 Mei 1960 na rubani wake, Francis Gary Powers, kukamatwa akiwa hai.

Ila mwanzo wake sasa! Mara 12 mfululizo, hakuna ndoo hata moja iliyorudi mikononi mwao. Mara roketi inazingua, mara kamera inagoma, Aprili 1959 ndoo ikaachiwa kwa saa siyo ikaangukia huko Spitsbergen, kisiwa cha Norway, kwenye barafu, hawakuiona tena mpaka leo. Halafu kuna kitu wewe utakielewa kuliko mtu yeyote ninayemjua: mkanda wenyewe. Walianza na wa plastiki ya asetati, kule juu hakuna hewa basi ukawa unakauka unakatika kama chapati ya juzi, ikabidi Kodak watengeneze wa poliesta. Na ulipopita kwenye rola ukawa unatoa cheche, cheche zinaunguza picha. Si unakumbuka kiangazi, ukikunja mkanda kwa pupa kwenye chumba cha giza unaona vimwanga vya bluu, halafu ukisafisha unakuta michirizi kama mizizi? Mimi nilikuwa naambiwa dawa imeharibika! Kumbe mpaka mainjinia wa CIA walikuna vichwa kwa vimwanga vyetu vile.

Agosti 1960 ndo wakapata. Ya 13 ilirudi salama, wakaiopoa majini, ila ndani hamna picha, bendera tu. Ya 14 ikaruka tarehe 18 na mkanda wa kama kilo 9, na kesho yake karibu na Hawaii kapteni mmoja, Harold Mitchell, kwenye ndege ya C-119, akapita akakosa, akarudi akakosa, ya tatu akaunasa mwavuli. Siku hiyohiyo mahakama Moscow inamhukumu Powers. Na mkanda ule mmoja ulionyesha ardhi ya Urusi kubwa kuliko safari zote za U-2 ukizijumlisha, ijapokuwa picha zenyewe ukungu mtupu, kitu kisichofika mita 10 hukitambui. Miaka ya mbele wakafika kama mita 2. Marekani walikuwa wanaogopa Warusi wana makombora ya masafa marefu mamia, kufika Septemba 1961 makadirio yakashuka mpaka kati ya 10 na 25. Hofu ya miaka yote ile, bwana!

Tabu ikabaki ileile ya kwetu, kusubiri. Ndoo inadakwa, inapelekwa Rochester kwa Kodak kusafishwa, ndo picha zifike Washington. Agosti 1968 majeshi ya Kisovieti yaliingia Czechoslovakia, na picha zilizoonyesha yanajipanga zilikuwa bado ziko juu kwenye ndoo, kuja kuziona vifaru vimeshaingia Prague.

Na kupotea sasa. Ndoo waliiwekea kizibo cha chumvi, ikidondoka baharini ikakaa bila kupatikana chumvi inayeyuka, maji yanaingia, inazama, adui asije akaiokota. Ila 1964 moja iliangukia Venezuela, wakulima wakaikuta shambani! Halafu 1971, satelaiti mpya ya Hexagon, kubwa kama basi, ndoo yake ya tatu mwavuli ukafeli ikazama Pasifiki karibu mita 5,000 kwenda chini. Unajua walichofanya? Wakaifuata. Chombo cha kuzamia kinaitwa Trieste II, Aprili 1972 kikaikuta huko gizani, kikaishika, kikaanza kupanda nayo taratibu, na mkanda ukawa unamegeka vipandevipande ukaondoka na maji. Hapo niliwahurumia kabisa. Sisi angalau hatukuuona wa kwetu ukiondoka.

Warusi wao walikuwa na Zenit toka 1962, hawadaki kitu hewani, wanashusha tufe zima na kamera ndani, linatua nchi kavu nyumbani kwao. Kwa akili yangu ya studio hao ndo walifanya la maana, kamera unarudi nayo.

Desemba 1976 Marekani wakarusha satelaiti ya kwanza isiyotumia mkanda, picha inashuka kwa mawimbi, ingawa za mkanda waliendelea nazo mpaka miaka ya 80. Hiyo ya picha bila mkanda ndo iliyokuja kutufungia studio. Picha za Corona, zaidi ya laki 8, rais Clinton alizifungua 1995, na siku hizi wanaakiolojia wanazitumia kutafuta njia na vijiji vya kale huko Syria na Iraq ambavyo vimeshalimwa vikafutika.

Sasa shida yangu. Nimepekua sanduku la pale kwa mama nikakuta mkanda mmoja mweusi na mweupe, umepigwa, haujasafishwa, na kwenye kopo kuna mwandiko wako, "Geita, usifungue". Sijaufungua. Huku hakuna anayesafisha tena, wala dawa hazipo. Nasikia huko Dar wapo vijana wameanza upya, hebu niulizie bei.

Ukipata nijulishe, nitakuja nao mwenyewe. Kondakta simpi tena.

Wako,
Mzee wa Chumba cha Giza